Wanafunzi wapelekwe Kilwa Kisiwani

Ndugu Mhariri,

Watoto wetu wanakariri kwamba Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, bandari ya kale huko Msumbiji, wanajibu mtihani, basi. Lakini mtoto akiingia Msikiti Mkuu, akapapasa ukuta na kuona matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, maswali hayaishi: chokaa hii ilichomwa wapi, na nani? Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani kisiwani humo, kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Waende na futi kamba walipime, nayo ni hesabu. Kutoka Kilwa Masoko ni mwendo mfupi tu kwa mashua.

Shule za Lindi na Mtwara ziiweke safari hii kwenye ratiba, isiwe zawadi ya darasa la saba peke yao. Na mwongozaji aachwe azungumze. Walimu wengine hukazania picha tu.

Mzazi,
Lindi