Tairi la Uwanjani Ambalo Litakurudisha Mtwara

Wateja wa duka letu la matairi na rimu wenye Toyota Altezza, Toyota Mark II na Subaru Impreza hutuuliza mara kwa mara ni matairi gani na rimu gani zinafaa kwa gari la kawaida ambalo mwenyewe anataka kwenda kulizungusha uwanjani, yaani kuliendesha kwa kasi mahali palipofungwa, penye wasimamizi, bila kugombea kikombe, ili ajue gari lake linashika njia kiasi gani na yeye mwenyewe anaweza nini. Jibu letu huwa refu kuliko wanavyotarajia, kwa sababu mikoa ya Mtwara na Lindi haina uwanja wa kudumu wa lami kwa shughuli hiyo. Anayetaka kwenda ni lazima asafiri, na anayetoka Mtwara akifika Dar es Salaam tu huwa amekwisha kupita Lindi, Nangurukuru na Kibiti kwa zaidi ya kilomita 500, halafu matairi yaleyale aliyoyasaga mchana kutwa kwenye kona ndiyo yanayomrudisha nyumbani. Mkazi wa Johannesburg anayekwenda uwanja wa Kyalami anaweza kulibeba gari lake juu ya trela na jioni akalala kwake; wa kwetu huliendesha kwenda na kurudi. Kwa hiyo ushauri wote unaofuata tumeupima kwa mambo mawili kwa pamoja, uwanja na barabara, na pale vinapogombana tunaitanguliza barabara.

Tuanze na maandishi ya ubavuni, ambayo wengi huyasoma nusunusu. Tairi lililoandikwa 215/45R17 87W lina upana wa milimita 215, ukuta wake una urefu wa asilimia 45 ya upana huo, nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, na linavaa rimu ya inchi 17. Namba 87 inamaanisha kwamba tairi moja linaruhusiwa kubeba kilo 545, na herufi W kwamba limethibitishwa kwa mwendo wa hadi kilomita 270 kwa saa, wakati herufi H huishia kilomita 210. Matairi mengi yanayouzwa Marekani huwa pia na namba ya kuisha kwa mpira, kwa mfano 200, 300 au 400. Kadiri namba hiyo inavyopungua ndivyo mpira unavyotarajiwa kuisha mapema zaidi, na kwa kawaida ndivyo unavyokuwa laini na wenye kushika lami. Namba hiyo hutolewa na mtengenezaji mwenyewe, kwa hiyo inasaidia zaidi kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili tofauti.

Matairi yanayopendwa na wanaokwenda uwanjani kila mara, kama Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09, yana namba 200. Michelin Pilot Sport 4S, ambalo ni tairi la barabarani la hali ya juu, lina 300. Mteja anayekwenda kwa mara ya kwanza huwa anataka la 200, na sisi humshauri achukue la 300 au hata zaidi. Sababu ya kwanza ni mvua: matairi ya namba 200 kwa kawaida huwa na mifereji michache ya kutoa maji, na anayejua maji yanavyotuama barabarani wakati wa masika kati ya Somanga na Nangurukuru hahitaji maelezo zaidi. Sababu ya pili ni ya kujifunza. Tairi la kawaida la barabarani huanza kulia mapema na kuteleza polepole, hivyo humpa dereva mgeni nafasi ya kusikia kwamba amezidisha na kupunguza mwendo, wakati tairi laini hushika, likashika, kisha likaachia kwa kasi kubwa zaidi, na kosa linalotokea kwenye kasi hiyo ni ghali. Mteja aliyekwisha kwenda mara nyingi, na ambaye kweli amefika mwisho wa uwezo wa tairi la barabarani, tunamwuzia la 200 bila ubishi, ila tunamshauri alifunge kwenye seti ya pili ya rimu na kuitanguliza kwa basi kama mzigo.

Umri wa tairi ni jambo tunalolikagua kabla ya kashata, yaani meno ya tairi yanayogusa barabara. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na herufi DOT kuna namba nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari mengi yanayotoka Japani huja na matairi yenye kashata nzuri, ndefu machoni, lakini mpira wake umekwisha kukauka kwa kukaa. Ukilikunja kidogo ukingoni na kutazama chini kabisa ya mfereji, si juu ya kashata, utaona nyufa nyembamba kama unywele zikifuata mzunguko wa tairi. Tairi hilo linaweza kukupeleka sokoni na kukurudisha. Uwanjani, ambako mpira hupata joto kali na kuvutwa pembeni katika kila kona, kashata zake huanza kumeguka vipande, na hatulifungi kwa kazi hiyo hata mteja akisisitiza.

Sasa rimu, ambako ndiko fedha nyingi hupotea. Vijana wetu wanapenda inchi 18 na 19 kwa sababu gari likiegeshwa hupendeza, nasi hatuna ugomvi na urembo. Lakini tazama hesabu: tairi la 205/55R16 lina kipenyo cha takriban milimita 632, na la 225/40R18 takriban milimita 637. Gari halikuinuka kwa maana yoyote. Kilichofanyika ni kuondoa mpira na upepo na kuweka chuma mahali pake. Rimu hiyo kubwa mara nyingi huwa nzito zaidi, na uzito ulio chini ya springi ndio unaoisumbua shokapu kuliko uzito mwingine wowote, kwa kuwa shokapu inatakiwa kuuzuia kila gurudumu linaporuka. Ukuta mfupi wa tairi nao hauna cha kukinga rimu isipinde pale lori la saruji au la korosho linapokufunika kwa vumbi na wewe ukaliona shimo limeshafika. Kwa Altezza na magari ya kundi lake tunapendekeza inchi 16 au 17, madhali rimu haigusi kalipa za breki, na tofauti ya bei iende kwenye tairi lenyewe.

Kabla ya kununua rimu yoyote ni lazima ujue vipimo vyake, si idadi ya matundu peke yake. Altezza na Mark II zina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3. Impreza nyingi za zamani zina matano kwenye milimita 100, ila Impreza za aina ya WRX STI kuanzia toleo la mwaka 2005 zilihamia 114.3, ndipo wenye nazo walipoanza kuazima rimu za Toyota. Zinaingia, lakini tundu la katikati la rimu halisi za Toyota za aina hiyo ni milimita 60.1 na kitovu cha Subaru ni milimita 56.1, kwa hiyo inabaki nafasi ya milimita 4 ambayo isipozibwa kwa pete maalumu rimu inaweza kukaa upande na usukani ukatetema hata baada ya kubalansi. Kipimo cha ofuseti, kinachoonyesha rimu imeingia ndani au imetoka nje kiasi gani, nacho kikikosewa tairi litakwaruza shokapu kwa ndani au fenda kwa nje, hasa usukani ukiwa umekatwa wote.

Rimu za mtumba kutoka Japani si mbaya hata kidogo, na nyingi ni bora kuliko mpya za kuiga. Tafuta alama ya JWL iliyochongwa au kusubiwa kwenye chuma, ambayo ni ya kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na ikiambatana na VIA ni vizuri zaidi kwa kuwa hiyo huonyesha kwamba ilisajiliwa baada ya kupimwa. Rimu ikiletwa kwetu tunaiosha kwanza, maana ufa hujificha chini ya vumbi jeusi la breki. Kisha tunailaza uso chini na kupitisha kidole kwenye ukingo wa ndani mzunguko mzima, kwa sababu shimo la barabarani hupinda ukingo wa ndani mara nyingi zaidi kuliko wa nje ambao mteja anauona. Halafu tunaizungusha kwenye mashine ya kubalansi na kuweka ncha ya bisibisi karibu na ukingo bila kugusa: ikiwa imepinda, pengo hilo litafunguka na kufunga kila inapozunguka. Rimu iliyochomelewa tunaweza kuikubali kama spea ya dharura, lakini kwa uwanja hatuipokei.

Nati nazo zina mambo yake. Toyota hutumia nyuzi za milimita 12 kwa hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5, Subaru na Nissan milimita 12 kwa hatua ya 1.25. Nati ya gari moja inaweza kuanza kuingia kwenye stadi (bolti ya gurudumu) ya gari jingine, na fundi mwenye haraka akaisukuma kwa mashine ya upepo hadi ikaharibu nyuzi zote mbili. Vilevile, rimu halisi za aloi za Toyota zimetengenezwa kwa nati zenye shingo na washa bapa, wakati rimu nyingi za madukani zinahitaji nati zenye kichwa cha mchongoko. Ukizichanganya, nati itaonekana imekaza na kumbe inashikilia sehemu ndogo tu ya chuma. Sisi tunamalizia kwa mkono, kwa spana ya kupimia nguvu, na kwa Toyota nyingi ndogo kipimo ni nyutoni-mita 103. Rimu mpya hukaa sawasawa baada ya kutembea kidogo, kwa hiyo ukitoka Mtwara, ukifika Lindi baada ya kilomita mia moja hivi, simama, acha zipoe na ukaze tena.

Kuhusu upepo, kumbuka kwamba tairi likipata joto upepo hupanda kwa takriban psi 1 kwa kila nyuzijoto 5 hadi 6. Tairi lililojazwa psi 32 asubuhi, likipanda joto kwa nyuzi 40 uwanjani, litafika karibu psi 39, litavimba katikati na kupunguza eneo linaloshika lami. Kwa hiyo upepo hupunguzwa kidogo kidogo baada ya kila mzunguko wa kuendesha, tairi likiwa bado la moto, na ni lazima urudishwe kwenye kiwango cha mtengenezaji kabla ya kushika njia ya kurudi. Namna rahisi ya kujua kama umekosea ni kuchora mistari ya chaki kutoka kwenye kashata hadi ubavuni: chaki ikifutika mpaka chini ya bega la tairi, tairi linalala na upepo ni mdogo, ikibaki juu ya bega, upepo umezidi. Wanaouliza kuhusu naitrojeni tunawaambia kwamba hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na chaki ina manufaa zaidi.

Jambo ambalo wateja hawaliulizi kabisa, nasi tunaliona kuwa la kwanza, ni mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na pwani yetu haina uhaba wa unyevu. Kwa viwango vyake, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwenye foleni ya mjini hutaona tofauti. Uwanjani, baada ya kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa mfululizo, mafuta ya zamani huchemka, mvuke huingia kwenye mipira, na pedeli huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Tunabadilisha yote kwa DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyohiyo, na tunakagua pedi. Zikiwa zimebaki nusu, tunaweka mpya zinazostahimili joto. Ukitoka uwanjani, endesha polepole kwa muda ili breki zipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono, bali liache gari kwenye gia na uweke jiwe chini ya tairi.

Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, ifanyike baada ya kubadilisha bushi na boli joint (viungo vya miguu ya gari) zilizolegea, si kabla. Matairi ya mbele yakiinamishwa kidogo kuelekea ndani kwa juu, bega la nje haliliwi haraka kwenye kona, lakini yakizidishwa bega la ndani litaliwa kwenye safari ndefu ya barabarani. Shokapu za kurekebishwa, springi fupi, exozi na mambo ya injini tunayaweka mwisho. Spesa za kusogeza rimu nje hatufungi kwa gari la uwanjani.

Hatufungi pia matairi ya mbio kwa mtu anayetueleza kwamba anataka kushindana usiku kwenye barabara ya Mikindani. Na anayekwenda uwanjani kihalali asome kwanza mkataba wake wa bima, kwa kuwa bima nyingi za magari huondoa wazi matukio ya mbio na majaribio ya kasi.

Matairi ya saizi na aina tulizozitaja kwa kawaida hatuyaweki dukani, bali tunayaagiza Dar es Salaam, kwa hiyo tunaomba ufike angalau wiki mbili kabla ya safari yako. Njoo na gari lenyewe badala ya picha ya rimu kwenye simu, pamoja na nati zote ulizonazo hata zile zilizo kwenye buti, na utuambie kwa uwazi unakwenda uwanja gani, na kama utarudi kwa gari hilohilo siku hiyohiyo.