Mkubwa nani, mkuu wa wilaya au mkuu wa polisi?

Delhi

Kwako mdogo wangu,

Marahaba. Wape baba na mama shikamoo zangu, na mjomba akipita mpe yake. Sauti uliyonitumia WhatsApp niliisikiliza nikiwa kwenye metro, nikacheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Kumbe baba na mjomba bado wanavutana tu? Baba anataka uende polisi kama yeye, mjomba anasema polisi ni kutumwa, nenda utawala ukatume wenzako. Halafu wewe unaniuliza mimi: mkubwa nani?

Umeliuliza penyewe. Hapa Old Rajinder Nagar ninapopanga, huwezi kununua chai bila kugongana na kijana anayesomea mtihani wa utumishi wa umma wa India. Kuna vyumba vya kusomea vinavyokodishwa kwa mwezi, kila mtu na kiti chake, taa yake na kiubao cha kumkinga asimwone jirani. Julai 2024 maji ya mvua yaliingia kwenye chumba cha chini ya ardhi cha kituo kimoja cha masomo, wakafa wanafunzi watatu. Vijana waliandamana, wakapiga kelele, kisha wakarudi vitini. Wanaoomba mtihani huo ni kama milioni moja kwa mwaka, wanaopata ni kama elfu moja, na hao wanagawanywa kwenye idara zote: kodi, mambo ya nje, ukaguzi. Wanaoingia IAS, ndiyo utawala, ni kama 180. Wanaoingia IPS, yaani uongozi wa polisi, ni kati ya 150 na 200, inategemea mwaka.

Cha kushangaza ni kwamba mtihani wenyewe ni mmoja. Alama za maandishi 1750, za usaili 275, na unajaza mwenyewe idara unayoitaka kwanza. Wengi wenye alama za juu hujaza IAS. Binti ninayekaa naye, kaka yake tayari ni IPS, na bado anarudia mtihani apate IAS! Mshahara wa kuanzia ni ule ule, rupia 56,100 kwa mwezi kabla ya posho, kwa hiyo si njaa inayomrudisha. Alipokuja kumtembelea dada yake nilimuuliza sababu. Akasema, "Faili langu haliishii kwangu."

Maneno hayo niliyaelewa nilipokwenda mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya wilaya moja ya jimbo la Uttar Pradesh. Chukua kibali cha bunduki. Mkulima anaomba. Polisi wa kituo wanakwenda kijijini kumchunguza: ana kesi? ana ugomvi wa shamba na ndugu zake? Ripoti inapanda mpaka kwa SP, anayeongoza polisi wa wilaya nzima, naye anatia sahihi. Bado. Faili linavuka barabara kwenda kwa DM, huyo ndiye mkuu wa wilaya wa hapa, na yeye ndiye anayetoa kibali au kukataa. Niliona faili moja ambalo polisi wote waliandika hawana pingamizi, ukurasa kwa ukurasa, mihuri mpaka pembeni. DM akalisoma huku anakunywa chai, akaandika mstari mmoja. Amekataa.

Sheria ya Polisi ya 1861, ile ya Waingereza, ndiyo iliyomweka mkuu wa polisi wa wilaya chini ya usimamizi wa jumla wa DM, na sehemu nyingi mpaka leo bado wanaishi nayo. Juu nako ni hivyo hivyo. Mkuu wa polisi wa jimbo akitaka magari au nafasi za askari, maombi yanakwenda idara ya mambo ya ndani ya jimbo, na anayekaa kwenye kiti cha katibu pale kwa kawaida ni IAS. IAS anaweza kufika mpaka Katibu wa Baraza la Mawaziri. IPS atafika mkuu wa polisi wa jimbo, au aongoze CBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, au idara ya ujasusi wa ndani. Si haba, ila hapo mjomba anashinda.

Kwenye miji mikubwa tu ndipo mambo yanapogeuka. Hapa Delhi kamishna wa polisi ana madaraka ambayo wilayani ni ya DM: anapiga marufuku mikusanyiko, hata vibali vya bunduki vinatoka polisi. Lucknow na Noida, miji ya Uttar Pradesh, ziliingia kwenye mfumo huo Januari 2020, baada ya watu wa IAS kuupinga kwa miaka mingi. Ungewasikia wanavyoulalamikia ungedhani wamenyang'anywa shamba la babu.

Sasa mwambie mjomba hili pia: ukubwa wa DM sikuuona mtamu kama anavyousimulia. Asubuhi watu wanajaa barazani na maombi yao ndani ya mifuko ya plastiki, huyu mpaka wa shamba, yule pensheni ya mjane. Mchana ni kikao cha mafuriko, jioni daftari la wapiga kura. Miaka michache baadaye anapelekwa afya, kisha usafirishaji, kila mahali anaanza upya kujifunza. Ukiwa mbishi ndiyo kabisa. Ashok Khemka, IAS wa jimbo la Haryana, alihamishwa zaidi ya mara 50 katika utumishi wake.

SP yeye kazi yake ni moja, na anaizeekea. Redio ya upepo mezani kwake haizimwi. Siku ya maandamano DM anasaini kibali ofisini, SP ndiye anayesimama barabarani na askari wake, na mambo yakiharibika mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kufungashiwa mizigo. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliamuru maofisa wa namna hiyo wakae angalau miaka miwili kwenye kituo, na majimbo mengi yamekuwa yakiipiga chenga amri hiyo tangu wakati huo. Mke wa SP mmoja aliniambia mapazia huwa hawatundiki, maana hawajui watahama lini.

Lakini usiyabebe ya huku mazima mazima. Huku kijana wa miaka 24 anaingia kwa mlango wa juu, na anajua baada ya miaka kadhaa atakabidhiwa wilaya. Kwetu Tanzania mkuu wa wilaya, DC, ni uteuzi wa Rais, si ngazi unayoipanda, kwa hiyo mjomba akikwambia "soma utawala uwe DC" anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ni kweli DC ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ni mjumbe wake, na sheria ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu awekwe ndani mpaka saa 48. Ila leo yupo, kesho mkeka wa uteuzi umetoka na jina halimo. Polisi unaanzia chini, shule ya polisi Moshi, hata uwe na digrii, na hilo baba anaweza kukueleza kuliko mimi.

Mimi nakuona wewe ni wa baba. Ulipokuwa kiranja ulikuwa unatoroka vikao vyote, lakini siku bweni liliposhika moto wewe ndiye uliyekuwa getini unahesabu wenzako kabla mwalimu hajafika. Utawala ni vikao, mdogo wangu, vikao na mafaili, na ukilichukia faili litakuumiza.

Ila usikimbilie kuomba polisi sasa. Kwenye fomu ya chuo jaza sheria chaguo la kwanza. Ma-SP niliowaona wakiheshimiwa ni wale ambao hati yao ya mashtaka hairudishwi na hakimu. Ukimaliza utaomba polisi, na ukibadili mawazo utumishi nao utakupokea.

Mjomba usimwambie bado. Nitampigia mwenyewe Jumapili, maana akilisikia kutoka kwako atasema ni baba amekulisha maneno. Hela ya fomu nitaituma kwa simu ya mama, si yako. Unajua kwa nini.

Dada yako