Kipimo cha maradhi ya ukeni kitufuate majumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo wanawake wa Pemba tunalisema kwa minong'ono: uchafu usio wa kawaida ukeni, muwasho na harufu ya shombo.

Maradhi haya yanafanana kwa dalili, hayafanani kwa dawa. Fangasi wana dawa yao. Trikomonasi, inayoambukizwa kwa kujamiiana, ina yake. Shombo mara nyingi hutokana na bakteria waliozidi ukeni, na kujiosha ndani kwa sabuni au limau huzidisha tatizo. Ninayoiogopa zaidi ni klamidia, nayo ni maradhi ya zinaa, kwani wanawake wengi walionayo hawahisi chochote, huku inapanda na inaweza kuziba mirija ya uzazi. Miaka ikipita mke anaambiwa hazai, anapewa talaka, na hakuna anayeuliza kama mume naye amewahi kupimwa.

Simama kwenye duka la dawa jioni uone. Mwanamke anasubiri wateja wamalizike, anasogea, anasema kwa sauti ya chini, "Nipe ile ya kuwashwa." Muuzaji, pengine mtoto wa jirani, anampa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni. Wiki ya pili anampa vyengine. Hakuna aliyepima kitu. Simlaumu mama huyu: kituo cha afya kipo, lakini benchi limejaa mawifi na majirani, na wa kumpima huenda akawa mwanamme wanayeitana kaka na dada.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza watu waweze kujichukulia sampuli wenyewe kwa ajili ya kupimwa klamidia na kisonono. Kazi ni nyepesi: unaingiza kijiti chenye pamba ukeni, unakizungusha kidogo, unakitia kwenye kichupa na kukifunga. Zambia wanawake wamefanya hivyo majumbani mwao, sampuli zikapimwa trikomonasi na hata kichocho cha sehemu za siri. Na kichocho ni chetu sisi. Vidonda vyake hudhaniwa maradhi ya zinaa, mwanamke akatuhumiwa umalaya, kumbe kosa lake ni kufua mtoni.

Wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia wajawazito na watoto. Maabara ya Ivo de Carneri ipo hapa hapa Wawi. Naiomba Wizara ya Afya iwape wahudumu hawa vijiti na mafunzo, na majibu apewe mwenyewe mkononi, si kwa simu inayoshikwa na nyumba nzima.

Mwanamke akikutwa na maradhi ya zinaa, mume atibiwe pamoja naye, na mke mwenza pia kama yupo. Vyenginevyo dawa inamalizika leo na maradhi yanarudi mwezi ujao. Kondomu inakinga, lakini mke gani hapa atamwambia mumewe avae asiulizwe ametoka wapi? Kwa hiyo wanaume nao wazungumzwe, na masheha na maimamu wasaidie katika hilo.

Mwenye homa na maumivu ya tumbo la chini, au mjamzito anayetokwa na damu, asisubiri kijiti. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wako,
Mama wa watoto wanne,
Chake Chake, Pemba