Barua ya Wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Kaunti ya Los Angeles: Jalada la McMartin Lisomwe Upya

Mheshimiwa,

Nakuandikia barua hii kwa sababu ya barua nyingine. Polisi wa Manhattan Beach, mji ulio katika kaunti hii, waliiandika tarehe 8 Septemba 1983, wakaituma kwa familia zipatazo 200 zenye watoto waliosoma katika chekechea ya McMartin. Mama mmoja alikuwa amelalamika kwamba mwalimu kijana wa shule hiyo amemnajisi mwanawe. Uchunguzi ndio kwanza ulikuwa umeanza. Hata hivyo barua ilimtaja mwalimu kwa jina, ikaeleza vitendo vya aibu alivyoshukiwa kuvitenda, ikawataka wazazi wawaulize watoto wao. Chini yake wakaombwa wasilizungumze nje ya familia.

Najaribu kujiweka mahali pa mzazi aliyeifungua bahasha ile. Usingizi ungetoka wapi? Ningemwita mwanangu, nimuulize. Akisema hapana, ningemuuliza tena, na tena, mpaka nipate jibu linalolingana na hofu yangu. Wazazi wale siwalaumu hata kidogo. Lawama zangu ni kwa waliosomea kazi hii na kulipwa kuifanya.

Maana baada ya barua yalikuja mahojiano. Watoto wapatao 400 walikalishwa na wataalamu, wakapewa vikaragosi na wanasesere. Mtoto aliyesema hakuna kilichotokea aliambiwa kwamba wenzake wameshasema. Aliyekubali alisifiwa kuwa ana akili. Mheshimiwa, mtoto wa miaka minne anajua jambo moja kwa hakika: mtu mzima akikunja uso, jibu lake halikutakiwa. Basi analibadilisha. Ndivyo zilivyozaliwa habari za ibada za kishetani na za mahandaki chini ya shule, mahandaki ambayo wachunguzi wa upande wa mashtaka walichimba wasiyaone.

Machi 1984 watu saba walishtakiwa, akiwemo bibi mwanzilishi wa shule, mzee aliyepita miaka 70. Usikilizaji wa awali peke yake ulichukua karibu mwaka na nusu. Januari 1986, Ira Reiner, aliyekuwa katika kiti unachokalia leo, aliwafutia mashtaka watano kwa kuwa ushahidi ulikuwa dhaifu mno. Walibaki wawili: mwalimu yule aliyetajwa katika barua, na mama yake. Tarehe 18 Januari 1990 baraza la mahakama, yaani raia wanaoamua kesi, lilimwachia mama kwa mashtaka yote. Mwana aliachiwa kwa mengi, na juu ya mashtaka 13 wajumbe wa baraza wakashindwa kukubaliana. Akashtakiwa upya, baraza la pili nalo likashindwa kufikia uamuzi, na kesi ikafutwa. Hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia. Kijana yule alikuwa amekaa mahabusu miaka mitano.

Mitaani hukumu ilikuwa imeshatoka zamani. Magazeti na televisheni viliwachora washtakiwa kama wenye hatia kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. David Shaw wa Los Angeles Times alilichambua kosa hilo, la gazeti lake mwenyewe likiwemo, na mwaka 1991 akapewa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani. Nalithamini sana jambo hilo: mwandishi kulikosoa gazeti linalomlipa mshahara.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso walizijaribu mbinu za mahojiano yale. Mgeni alifika darasani, akawasomea watoto hadithi, akaenda zake. Baadaye watoto wa miaka 3 hadi 6 waliulizwa juu ya mambo ambayo mgeni hakuyafanya. Walioulizwa maswali yenye kuelekeza jibu tu walikubali uongo kwa asilimia 17. Walioongezewa sifa na habari za "wenzako wamesema" walifika asilimia 58. Mazungumzo yenyewe hayakufika hata dakika tano.

Ombi langu ni hili. Kila mwendesha mashtaka mpya katika ofisi yako, kabla hajakabidhiwa kesi yake ya kwanza ya mtoto, apewe maandishi ya mahojiano ya McMartin, ayasome swali kwa swali, na mwenzake mzoefu akiwa kando yake. Aweke alama pale ambapo mtoto alisema "hapana" na mtu mzima akakataa kulisikia.

Nayaomba haya kwa ajili ya watoto pia. Wapo wanaonajisiwa kweli, na wengi wao hupata ujasiri wa kusema mara moja tu. Mtoto huyo akiulizwa vibaya, wakili wa mtuhumiwa atayaanika maswali yale mbele ya baraza, na neno lake la kweli litaanguka pamoja na yale aliyotiwa mdomoni. Baada ya hukumu ya 1990, baadhi ya wajumbe walisema wanaamini huenda watoto waliguswa, ila kwa namna walivyohojiwa hawakuweza kujua lililotokea wala nani alilifanya.

Na barua ile ya 8 Septemba naomba iwe ukurasa wa kwanza wa jalada watakalosomeshwa.

Wako kwa heshima,
Mzazi