Shoga Yangu, Poda Peke Yake Haitoshi

Langoni, Lamu

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yameshika na vichochoro vimejaa tope, lakini afya ipo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, nikaona bora nikuandikie, maana mambo ya dawa ukiyasikiliza huku unapika hupotea.

Hiyo ngozi nyeupe iliyolowa baina ya vidole viwili vya mwisho, inayochubuka na kukuwasha ukivua buti, ni fangasi ya miguu. Aliyekwambia ni uchafu amekuonea. Fangasi hupenda joto na unyevu, na wewe kutwa umo ndani ya buti za mpira ukiosha samaki. Vidole hivyo vya mwisho vimebanana, hewa haipiti, ndipo inapoanzia kwa wengi.

Umesema umemaliza mkebe mzima wa poda na bado hujapona. Poda ya mtoto haiui fangasi hata kidogo. Ile yenye dawa, kama mikonazoli ya asilimia 2, ina faida, lakini mimi huwauzia watu zaidi kwa kukausha mguu na kuzuia ugonjwa usirudi. Ukishashika kama wako, tafuta dawa ya tyubu. Terbinafini ya asilimia 1 ndiyo ningekupa: mara moja au mbili kwa siku, na kwa kawaida wiki moja inatosha baina ya vidole. Ikiwa bei inakulemea, chukua klotrimazoli ya asilimia 1, upake mara mbili au tatu kwa siku kwa wiki 4 hivi. Paka mpaka nje kidogo ya pale palipoharibika. Na nakusihi, usiache kwa kuwa mwasho umekwisha! Wateja wengi huacha hapo, tyubu ikabaki nusu, kisha baada ya muda wanarudi dukani na mguu ule ule. Mwasho hutulia kabla fangasi haijafa.

Krimu aliyokuazima jirani yako, soma maandishi yake. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, mrudishie leo hii. Hiyo hutuliza wekundu na mwasho huku fangasi ikienea chini kwa chini, na baadaye hata daktari hupata tabu kuitambua. Kitunguu saumu kibichi nacho usifunge vidoleni, kinaunguza ngozi.

Udhu usikutie wasiwasi. Pitisha kidole baina ya vidole vya mguu kama kawaida, ila ukimaliza jikaushe hapo hapo kwa kitambaa chako mwenyewe, usitumie kanga inayoshikwa na kila mtu. Ndara za chooni pia kila mtu awe na zake. Buti zianike kila jioni, na ukiweza kupata pea ya pili uwe unabadilisha, poda itie humo ndani. Shemeji naye kama anajikuna mapajani, atibiwe pamoja nawe, la sivyo mtapokezana.

Zaidi namfikiria mama, kwa ile sukari yake. Mwangalie nyayo na baina ya vidole kila siku. Mwenye sukari akipata mpasuko mdogo tu, bakteria hupenya, na mguu unaweza kuvimba vibaya bila yeye kusikia maumivu. Ukiona wekundu unaopanda, joto au usaha, usimpake kitu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na ule ukucha wako uliogeuka manjano, upige picha mchana penye mwanga unitumie. Kama ni fangasi, tyubu haitaufikia vizuri. Huenda ukahitaji vidonge vya wiki 12, na hivyo daktari akupime ini kwanza. Nijibu kabla ya Ijumaa, nipate kukuwekea dawa mpwa wangu aje nayo Malindi.

Wasalaam,
Shogayo Khadija