Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mbio za Punda katika Mwaka wa Bei Kupaa

Assalaam aleikum wazee wangu, ndugu wanachama, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma karibu na mlango. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena kabla Ramadhani haijabisha hodi.

Mhazini ameshawasomea hesabu za mwaka 2023, na nakala mnazo mikononi, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitaeleza kilicho nyuma ya hesabu hizo, kwa sababu tangu Maulidi ya Mfunguo Sita nimekuwa nikisimamishwa barabarani na swali moja tu, hapa Lamu kuanzia Mkomani mpaka Langoni: mwenyekiti, kwa bei hizi, mbio za punda tutaziweza kweli? Kamati inasema tutaziweza. Ila tutabadilisha mambo mawili matatu, na mojawapo najua halitawafurahisha wale ambao punda wao wamezoea kutangulia.

Nianze na mafuta. Mtacheka, maana punda hanywi petroli. Lakini Julai 2023 Sheria ya Fedha ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, Septemba lita ya petroli ikavuka shilingi 200 pale Nairobi, na Oktoba ikafika 217 na ushee. Pumba tunazolisha hupanda lori, zikashushwa Mokowe upande wa bara, zikapakiwa kwenye boti, zikavuka mpaka gatini kwetu, na kila anayezigusa njiani naye ana tangi la kujaza. Sisi wa kisiwani hulipia safari mara mbili, ya nchi kavu na ya maji. Dawa za minyoo nazo hutoka ng'ambo. Mwanzoni mwa mwaka dola ilikuwa kama shilingi 123, na mwaka ulipokwisha ilikuwa imekaribia 157. Hakuna mwenye duka wa kumlaumu hapo.

Majani ni kisa kingine. Misimu mitano ya mvua ilipita patupu, na wengi wetu tukasahau punda aliyeshiba anafanana na nini. Kisha vuli ya 2023 mvua za El Niño zikamwagika zote kwa mpigo. Majani yakaota mpaka kwenye makaburi, lakini mafuriko yakaikata barabara ya Garsen upande wa Gamba, na kwa muda malori yakawa hayafiki. Kwa hiyo wiki zile zile ambazo majani yalikuwa ya bure, pumba zilikuwa ghali kuliko wakati wowote ninaoukumbuka. Muuzaji mmoja alikuwa akipima pishi kwa kiganja juu, anaikatia sawasawa na mdomo wa kopo na kuirudisha ile iliyozidi guniani, punje kwa punje, huku akituomba radhi. Zamani pishi ya pumba ilikuwa na kilele.

Hayo ya bei kila mtu anayajua na hayahitaji mwenyekiti. Ninalotaka mlifikirie ni hili: gharama kubwa ya mbio haimo kwenye pumba wala kwenye dawa. Imo kwenye siku ambazo punda amefungwa hafanyi kazi.

Wazee watashuhudia kwamba zamani punda wa mbio alikuwa ni yule yule wa mchanga na mawe. Asubuhi anateremsha matumbawe yaliyokuja na mashua kutoka Maweni kisiwani Manda, jioni mwanao anampanda mpaka ufukweni, wanashindana na wenzao, wanarudi. Siku ya Maulidi unamvua sogi, unamsugua mgongo, unampa maji, basi. Mbio hazikukugharimu kitu zaidi ya adhuhuri moja. Siku hizi tumejifunza kumpumzisha punda. Mmoja alianza kwa kumfunga punda wake wiki nzima kabla ya mashindano, akashinda. Mwaka uliofuata kila mtu akafunga wiki mbili. Sasa kuna wanaofunga mwezi. Anakula vizuri, habebi hata ndoo, anatembezwa jioni kama bwana harusi. Na kila siku anayokaa hivyo, mwenye punda hana mapato, ilhali nyumbani unga unanunuliwa, karo inadaiwa na maji yanalipwa. Nimekaa na wanachama kadhaa tukapiga hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Kwa mwenye punda mmoja, mapato yaliyopotea kwa kumpumzisha yalizidi mara kadhaa zawadi ya mshindi wa kwanza. Mwenye punda watano hahisi kitu, anamfunga mmoja na wanne wanaendelea kuchuma. Hapo ndipo mchezo unapotutoka mikononi. Tusiseme ni serikali wala bei ya dola. Hili tumejiletea wenyewe, tena kwa kushindana.

Nitaje na upande wa pili wa petroli, kwa haki. Pikipiki zilipoanza kuzagaa huku nyuma, mitaa ya Kashmir na Wiyoni na kwingineko, wengi tulisema kazi ya punda imekwisha. Lakini bei ya mafuta ilipopaa, baadhi ya mafundi waliokuwa wametuhama walirudi wakiuliza punda wa mchanga. Kwa hiyo mwaka ule ule uliotupandishia pumba ulituletea na wateja. Ndiyo maana nasema kumfunga punda mwezi mzima katika msimu kama huu ni kukimbia riziki iliyokuja yenyewe mlangoni.

Kuhusu afya ya punda nitasema kidogo lakini kwa uzito. Tangu 1987 tuna hospitali ya punda, Donkey Sanctuary, inayotibu bila malipo, na kisiwa kizima kinajua deni letu kwake. Ila matibabu ya bure yametufanya baadhi yetu tubane matumizi mahali pabaya. Kuna wanaomfungua punda usiku ili ajitafutie, na usiku punda wa mjini hujitafutia jalalani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini jalala bado lina kamba za nailoni, makaratasi ya sukari na vifuko vya barafu. Mwenzetu mmoja wa Langoni alimpoteza punda namna hiyo mwaka jana. Nilikuwapo. Punda mzima ukimwekea sikio ubavuni, tumbo huzungumza, hunguruma na kugugumia bila kukoma. La yule lilikuwa kimya kabisa, na alikuwa akiugeukia ubavu wake akiutazama, kama anayetafuta aliyempiga. Alikufa kabla ya alfajiri. Aliyeokoa pishi mbili tatu za pumba akapoteza mtaji mzima.

Na mtaji huo haununuliki tena kwa urahisi. Machinjio ya punda yalipopewa leseni kuanzia 2016, ngozi zikisafirishwa China kutengenezea dawa, nchi yetu ilipoteza punda kwa kasi ya kutisha. Utafiti wa KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ulihesabu zaidi ya punda 300,000 waliochinjwa tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018. Serikali iliyafunga Februari 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo mwaka uliofuata, na wizi wa punda tukausikia bara kila uchao. Bei ya punda dume mzima haijarudi tena ilipokuwa. Kwa hiyo tumeipokea kwa furaha habari ya Februari 2024 kutoka Addis Ababa, ambako wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wamepitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Tungoje tuone utekelezaji. Katibu ameombwa aandikie ofisi ya mifugo ya kaunti atuulizie marufuku hiyo itasimamiwaje huku kwetu.

Sasa nifike kwenye udhamini, kwa sababu maneno yamesemwa mengi kuliko yaliyotokea. Ni kweli kampuni moja ya kamari ilituma mtu. Alikuja na fulana za rangi na ahadi ya zawadi ambayo, wallahi, ingeufunika upungufu wote mliousikia kwa mhazini. Kamati ilikataa siku hiyo hiyo. Wapo vijana waliosema tumechezea bahati. Mbali na kwamba ni haramu na mbio zetu nyingi hukimbiwa kwa heshima ya Maulidi, nilitaka mlione na kwa jicho la pesa: zawadi ikiwa kubwa, punda atafungwa miezi mitatu badala ya mmoja, na fimbo zitaanza kuota misumari. Tayari mwaka jana waamuzi walimnyang'anya mpanda mmoja fimbo yenye ncha, na zawadi ilikuwa ndogo tu.

Pendekezo la kupandisha kiingilio cha mbio kutoka shilingi 200 hadi 500 nalo kamati imelikataa. Lingetuletea fedha kidogo na kutuondolea wapandaji wengi, na wa kwanza kuondoka wangekuwa watoto wa hao hao wanaobeba mchanga kila siku. Badala yake tunapendekeza zawadi za fedha zifutwe. Mshindi apewe magunia ya pumba, sogi mpya na hatamu ya kamba nzuri, vitu ambavyo punda atavifaidi naye. Fedha zitakazobaki ziingie kwenye ununuzi wa pamoja: tununue pumba kwa lori zima Mpeketoni wakati wa mavuno, tukodi boti moja, tuhifadhi hapa, kila mwanachama achukue kwa bei tuliyonunulia. Mhazini atawaeleza atakavyoandika daftari. Ninajua mnakumbuka jaribio la miaka ya nyuma na jinsi pumba zilivyoota ukungu; safari hii tumeahidiwa stoo yenye sakafu ya simiti, na magunia yatawekwa juu ya mbao.

Jambo litakalozua mabishano ni mstari wa kuanzia. Mwanachama wetu mmoja aliyewahi kufanya kazi melini alituletea habari ya wachimba makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza, ambao walikuwa wakishindanisha mbwa wembamba waitwao whippet. Watu wa mishahara midogo, mbwa analala jikoni, anakula wanachokula wao. Kila mbwa alipimwa uzito, na mzito alianzia nyuma ya mwepesi. Kwa utaratibu huo mtu hakulazimika kutafuta mbwa wa thamani kubwa ili awe na matumaini. Mbwa wake mdogo alikuwa na nafasi yake. Walimwita farasi wa mbio wa maskini. Kamati imeipenda fikra hiyo. Punda hatuwezi kuwapima uzito, mizani hatuna, lakini matokeo tunayo. Tunapendekeza punda aliyeshinda mbio zilizopita aanzie hatua thelathini nyuma, wa pili ishirini, wa tatu kumi, na anayeingia mara ya kwanza asimame mbele. Nao punda ambao waamuzi watawaona wamefanya kazi ya mizigo mpaka wiki ya mashindano, kwa ushahidi wa mafundi au majirani, waongezewe hatua tano mbele. Najua mtauliza tutazuiaje ushahidi usighushiwe, na jawabu ni kwamba mji huu ni mdogo. Aliyemficha punda wake uani mwezi mzima majirani wanamsikia akilia.

Wanaoogopa kwamba mbio zitapoteza ladha nawakumbusha mashindano ya mwaka jana. Watu hawakuzungumza wiki nzima juu ya aliyeshinda. Walimzungumza yule dume wa kijivu aliyekuwa akiongoza peke yake, na alipofika mkabala na kichochoro anachoteremshia mchanga kila asubuhi, akakata kona, akaingia, akasimama kwenye mlango wa mteja wake akingoja kupakuliwa, na mpandaji juu anapiga makelele. Mwenye nyumba akatoka na beleshi. Huyo ni punda wa kazi, na kwa kanuni mpya angeanzia mbele.

Shukrani zangu ni kwa waamuzi, kwa akina mama waliotupikia siku ya mashindano bila kudai hata gharama ya kuni, na kwa wahudumu wa hospitali ya punda waliokagua kwato na migongo kabla ya kila mbio. Wanachama tuliowazika mwaka huu katibu atawataja, na tutawasomea Fatiha pamoja.

Kura zitakuwa tatu: zawadi, ununuzi wa pamoja na mstari wa kuanzia. Zitapigwa baada ya sala ya Alasiri, kwa kunyoosha mikono, kila mwanachama aliyelipa ada kura moja, awe na punda mmoja au kumi. Wenye malimbikizo wamwone mhazini sasa hivi. Amekaa pale penye meza ya chai na kitabu cha risiti anacho. Atakayetaka kujitolea kwenda Mpeketoni kuonana na wauza pumba aniandikie jina lake kabla ya kuondoka, kwa sharti kwamba nauli ya kwenda atajilipia na chama kitamrudishia kwa risiti.

Mwenyekiti
Lamu, Machi 2024