Barua kwa Mwanangu Unayekwenda Kiganjo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Habari ya kuitwa kwako chuo cha polisi cha Kiganjo, kule Nyeri, imetufikia, na mama yako ameshaitangaza mtaa mzima, hata kwa wasiotaka kuisikia. Nami nimefurahi, ingawa lingekuwa jambo la adabu kunishauri kabla ya kwenda usaili.

Langu ni moja, nalo ni OB, kile kitabu cha kuandikia matukio ya kituo. Utakapopangwa zamu kwenye meza ya kituo, mtu akiletwa usiku na maafisa wasiovaa sare, mwandike: jina lake, saa aliyofika, hali ya mwili wake na aliyemleta. Ukiambiwa ni siri ya kazi, mwandike vilevile. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na saa hizo hazina pa kuanzia kuhesabiwa ikiwa jina lake halimo kitabuni.

Unakumbuka Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alipokamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kushambuliwa, na Inspekta Jenerali akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile. Tangu hapo polisi wakisema jambo, hata liwe kweli tupu, watu huku husubiri kwanza neno la daktari. Hiyo ndiyo sare utakayovaa.

Sikatai kwamba zipo siri za haki. Jina la anayewapasha habari za al-Shabaab, au njia ya doria katika msitu wa Boni, hata mimi babako sitaki kulijua. Ila jina la kijana aliye seli, huku mamake akizunguka kituo hadi kituo akijibiwa kwamba hayupo, linamlinda nani likifichwa? Kule Wagalla, Wajir, vikosi vya serikali vilipoua watu Februari 1984, serikali ilishikilia kwa miaka mingi kwamba waliouawa ni 57, ilhali manusura walitaja mamia na maelfu, na hadi leo hesabu hiyo haijakubaliwa na wote.

Mama yako anasema ni mimi niliyekuzoesha kunyamaza mbele ya wakubwa. Huenda. Basi ukishindwa kubishana na bosi wako, usibishane. Andika tu, kwa kalamu ya wino, wala usitie saini ukurasa ulioandikwa na mwingine kwa niaba yako.

Nyeri ni baridi na sweta lako zito umeliacha huku. Nitalituma kwa basi la Ijumaa, pamoja na daftari dogo la kunakili nambari za OB utakazoandika mwenyewe. Karo ya mdogo wako nitailipa korosho zikiuzwa, kwa hiyo pesa zako za kwanza nunua viatu.

Ni mimi,
Baba yako